Wali wa bakuli na kamba: soya na asali, au ukwaju na sukari guru?

Mwenye haraka nimpe jibu hapa hapa. Ikiwa umefika nyumbani saa moja na nusu usiku, kamba waliomenywa wako kwenye friza na kabatini kuna chupa ya soya sosi, pika wa soya na asali. Saa mbili na robo mtakuwa mnakula. Ikiwa una kamba wabichi wa asubuhi na donge la ukwaju, iache hiyo chupa kabatini. Mimi nikiachiwa nichague, mara tatu kati ya nne nachagua ukwaju. Sababu zangu ni mchele na maganda ya kamba, wala si mapenzi ya Pwani, na nitazieleza.

Chakula chenyewe si kigeni sana. Wajapani wanakiita donburi: wali ndani ya bakuli, kitoweo juu yake, mchuzi mzito unashuka taratibu kati ya punje. Ule mchuzi wao wa soya wenye utamu unaong'aa ndio teriyaki. Teri ni mng'ao, yaki ni kuchoma. Mama yangu alipoukuta kwangu mara ya kwanza aliinua kifuniko, akanusa, akauliza, "Kamba na asali? Mwanangu, u mzima?" Nikamkumbusha chatini ya ukwaju anayotengeneza kwa ajili ya kachori, yenye sukari na pilipili humo humo, na zabibu kavu anazotupia kwenye pilau ya Idi. Akanyamaza. Akala, akaongeza. Wakati wa kunawa akasema, "Ni tamu, ila ingekuwa ukwaju." Tangu siku hiyo napika zote mbili, kwa zamu, nijue kama alisema kweli au ni mazoea ya ulimi tu.

Kamba wa Feri na kamba wa friza

Watu hubishania mchuzi, kumbe nusu ya matokeo ilishaamuliwa pale waliponunua kamba.

Hapa Dar es Salaam kamba wabichi unawafuata Feri, soko la samaki, na unawafuata mapema. Wengi hutoka kwenye midomo ya mito na mikoko: delta ya Rufiji upande wa kusini, Bagamoyo na Saadani upande wa kaskazini. Kamba mchanga hukulia humo, penye maji baridi ya mto yaliyochanganyika na maji chumvi, na akikomaa hutoka kuelekea baharini. Ndiyo maana mito ikijaa wakati wa masika kamba huonekana kwa wingi, na muuzaji naye husikiliza bei yako.

Kamba mzuri gamba lake linang'aa, kichwa kimeshika mwili sawasawa, na ananuka bahari tu. Madoa meusi kichwani si sumu, ila yanakuambia amekaa. Akinuka kama choo kisichomwagiwa maji, hiyo ni amonia. Usibishane bei, ondoka. Nunua ukijua kwamba kilo moja ya kamba wenye vichwa na maganda, ukishaimenya, inakuachia nusu kilo na kidogo.

Kumenya nusu ni kazi. Mikono yangu hutumia kama dakika 25: kichwa, maganda, kisha kupitisha ncha ya kisu mgongoni na kuvuta ule uzi mweusi ambao ni utumbo. Lakini mwisho wa kazi hiyo unabaki na bakuli la vichwa na maganda, na bakuli hilo ni mali. Tia kwenye sufuria na nusu kitunguu na maji ya kufunika, chemsha dakika 15, ponda kidogo kwa mwiko, chuja. Supu ya rangi ya machungwa itakayotoka ndiyo roho ya kamba. Tutairudia.

Wa friza faida yao ni moja, nayo ni kubwa: wapo. Chagua wale wa kijivu, yaani wabichi. Wenye rangi ya waridi wameshachemshwa kiwandani, na ukiwapitisha motoni tena watakuwa kama kifutio cha shule. Angalia pia uzito ulioandikwa ukiondoa barafu, kwa sababu hufunikwa na ganda la barafu na wewe unalipia maji. Kuwayeyusha, wafunge kwenye mfuko, zamisha ndani ya maji ya bomba dakika 20. Maji ya moto hapana, yanaivisha nje na kuacha ndani barafu. Halafu wafute kwa kitambaa safi mpaka kitambaa kisilowe tena. Hatua hii niliiruka siku ya kwanza. Kikaango kilijaa maji, nikala kamba wa kuchemsha wanaoelea kwenye soya, na mchuzi haukushika hata punje moja ya wali.

Wali ndio unaokula muda

Kamba huiva kwa dakika 2 au 3. Wali unataka dakika 25, pamoja na kupaliliwa. Kwa hiyo anayekuambia chakula hiki ni cha dakika 15 ana kiporo cha wali kwenye friji na hakukuambia.

Kiporo kinafaa, na kwa bakuli la soya naona kinafaa kuliko wali wa moto, maana punje zimekauka na zinanywa mchuzi bila kuvurugika. Ila kiporo kilicholala juu ya meza, kwa joto la mji huu, mwaga. Kuna bakteria anayeitwa Bacillus cereus ambaye mbegu zake haziuawi na kuchemka kwa wali. Wali ukikaa kwenye joto la chumba mbegu hizo huamka, bakteria huzaliana, na sumu moja anayoitoa haiondoki hata ukiupasha mpaka utoe moshi. Wali wa kesho utandaze kwenye sinia upoe haraka, uingie kwenye friji ndani ya saa moja, uliwe siku inayofuata.

Sasa mchele. Mchele wa Kyela una harufu yake, na ukiupika vizuri punje zinashikana kidogo, jambo linalotakiwa kwa chakula cha bakuli. Kuumwagia soya ni kumvisha bibi harusi koti la mvua. Harufu yote inazimwa, unabaki na ulaini ambao ungeupata kwa mchele wa bei ya chini. Hapa ndipo mama alipopata pointi yake ya kwanza, na wala hakuitaja: ukwaju una uchachu bila harufu nzito, kwa hiyo mchele unasikika. Walioko Kenya wenye pishori ya Mwea watakuta mambo ni yaleyale. Kwa soya, chukua mchele wowote ulio nao. Basmati pia unakwenda, ingawa punje zake zinakimbiana na mchuzi hukimbilia chini ya bakuli.

Michuzi yenyewe

Hesabu zangu ni za watu wanne na nusu kilo ya kamba waliokwisha kumenywa. Kwa michuzi yote miwili mwanzo ni mmoja. Kamba wafutwe, wanyunyiziwe chumvi kiduchu na kijiko kimoja cha chakula cha konflawa. Kikaango kipate moto kwelikweli, mafuta vijiko viwili, kamba wapangwe bila kulaliana. Nusu kilo itataka awamu mbili. Dakika moja na nusu upande wa kwanza, nusu dakika upande wa pili, toa. Kamba aliyejikunja kama herufi C yuko tayari. Akijikunja mpaka mkia unagusa shingo umeshachelewa, na hakuna mchuzi wa kumrudisha.

Kwa soya, changanya kwenye kikombe soya sosi vijiko 3 vya chakula, asali 2, siki au maji ya ndimu kijiko 1, na maji 3. Punguza moto, tia punje 4 za kitunguu saumu zilizopondwa na tangawizi ya ukubwa wa kidole gumba, zikinukia tu mimina kikombe chako. Dakika 2 za kuchemka, ukipitisha kijiko mchuzi umeshika mgongo wake, rudisha kamba, pindua mara mbili tatu, epua.

Kwa ukwaju, donge la ukubwa wa yai la kuku liloweke kwenye nusu kikombe cha ile supu ya maganda ikiwa ya moto, dakika 15, kamua kwa mkono, chuja kokwa na nyuzi. Kaanga kitunguu maji kimoja kidogo mpaka kianze kugeuka rangi, fuatisha saumu na tangawizi kama kule, bizari nyembamba nusu kijiko cha chai, pilipili kwa kadiri ya ujasiri wako. Mimina ukwaju, sukari guru iliyokwanguliwa vijiko 2 vya chakula, chumvi robo tatu ya kijiko cha chai. Dakika 5, kisha onja, maana ukwaju haufanani: mmoja mkali mpaka macho yanafumba, mwingine mpole. Ongeza sukari guru kidogo kidogo mpaka usijue kama ni tamu au ni chachu. Kamba warudi mwisho kabisa. Usiwaloweke kwenye ukwaju kabla ya kupika kwa kudhani unawakoleza, kwani tindikali yake huanza kuwaivisha bila moto na nyama inakuwa ya ungaunga.

Kwa kuangalia vipimo unaweza kudhani ni mchuzi mmoja wenye nguo mbili. Sivyo. Soya sosi ni soya na ngano zilizochachuliwa kwa miezi, na inakuja na ule uzito wa ladha unaoupata kwenye mchuzi wa nyama uliochemka muda mrefu. Ukwaju hauna uzito huo hata chembe. Una uchachu, basi. Uzito wake lazima utoke kwingine, na kwenye chakula hiki unatoka kwenye maganda.

Nilichukua miezi kulielewa hili. Kuna siku ukwaju wangu ulikuwa hodari, na kuna siku ulikuwa kama juisi iliyomwagikia wali, nami nalaumu ukwaju, nalaumu sukari guru. Kumbe siku za juisi zote zilikuwa siku za kamba wa friza: hakuna maganda, nimelowekea maji matupu. Soya haina tatizo hilo kwa sababu chupa yenyewe inalipa deni la maganda. Ndiyo maana nasema chaguo lako la mchuzi limo kwenye mfuko uliotoka nao sokoni. Mama ana maganda siku zote, kwake kamba wasio na vichwa hawajawahi kuingia jikoni, kwa hiyo alikuwa sahihi kwa jiko lake.

Ipo njia ya mwenye kamba wa friza anayeutaka ukwaju kwa lazima: uduvi, wale kamba wadogo sana. Kijiko kimoja cha chakula cha uduvi mkavu, uchambuliwe mchanga, ukaangwe bila mafuta dakika moja, usagwe kwenye kinu, uingie pamoja na kitunguu. Nyumba itanuka soko mpaka asubuhi. Ladha itarudi.

Moto na sufuria

Anayepikia gesi asome haraka, sehemu hii ni ya jiko la mkaa.

Asali ina sukari nyingi ya matunda, ambayo huanza kubadilika rangi kwenye nyuzijoto kama 110, wakati sukari ya kawaida ya miwa inasubiri mpaka 160 hivi. Kwenye gesi unapunguza kitufe. Kwenye mkaa hakuna kitufe. Una dakika moja kati ya mchuzi unaong'aa na lami. Mimi lami ninaijua. Jioni moja umeme ulikatika na gesi iliisha siku hiyo hiyo, nikakimbilia mkaa uliowaka vizuri kupita kiasi, na niligeuka mara moja tu kutafuta ndimu. Kamba walikuwa wazuri, uchungu wa asali ukawamaliza. Kwa mkaa, epua kikaango kabisa kabla ya kumimina asali, au chota makaa pembeni. Ukwaju unavumilia. Una maji mengi, unachemka tu, na ukikauka unaongeza supu.

Lakini ukwaju nao una ugomvi wake, tena na sufuria zetu wenyewe. Sufuria ya alumini isiyo na rangi ya ndani haipatani na tindikali. Mchuzi unatoka na ladha ya sarafu na sufuria inabaki na alama. Tumia kikaango kisichogandisha au cha chuma cha pua. Chungu pia kinafaa sana, kama unacho na una subira nacho.

Na kama asali yako ni ya Tabora, ile nyeusi ya miombo, anza na kijiko kimoja na nusu badala ya viwili. Ina sauti yake, inaweza kumfunika kamba.

Nani anakula

Mwenye presha nyumbani: soya ndiyo ya kupimwa. Kijiko kimoja cha chakula cha soya sosi ya kawaida kina karibu gramu 2 na robo za chumvi, na Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifikishe gramu 5 kwa siku nzima. Vijiko 3 kwa watu wanne ni karibu gramu 1.7 kwa kila bakuli, kabla hujanyunyizia ile chumvi ya mwanzo. Kwake ruka chumvi ya mwanzo. Kwenye ukwaju mkono wako ndio unaoamua, na uchachu wenyewe humfanya mtu asidai chumvi nyingi.

Soya sosi iliyochachuliwa kwa njia ya asili hubaki na kilevi kidogo kutokana na uchachu huo, na mapishi mengi ya Kijapani huongeza mirin ambayo ni mvinyo wa mchele. Mirin unaiacha bila hasara, siki na asali vinatosha. Kuhusu soya yenyewe, wanaojali hutafuta chupa yenye alama ya halali, na wengine wanaona bora ukwaju waondoe shaka. Jamaa zetu wa Maskati, wanaowaita kamba hawa rubiani, wanao ukwaju madukani bila kuhangaika. Nasikia raha kuwaza wanaumwagia juu ya wali wao.

Watoto wanapenda wa soya. Sitapambana na hilo. Wangu wa mwisho anaulamba kwenye bakuli, na wa ukwaju ananung'unika mpaka niongeze sukari guru kwake peke yake.

Nazi sijaisahau. Kamba wa tui ni chakula kikubwa kuliko vyote viwili, ila kukuna na kukamua kunakula nusu saa, na hata ukifungua tui la boksi unapata mchuzi mwingi wa kula kwenye sahani na wali mwingi pembeni. Ni meza nyingine, siku nyingine.

Juu ya bakuli, na akiba

Soya inataka kitu kibichi cha kuikata: tango lililokatwa njiti, karoti, vitunguu majani, ufuta uliokaangwa mkavu. Ukwaju tayari unakata wenyewe, kwa hiyo unataka kitu kitamu au chenye mafuta. Embe bivu la vipande vidogo, au karanga zilizopondwa, na kotimiri nyingi. Parachichi linakwenda kwa zote mbili. Usiweke vyote kwa pamoja, bakuli si kapu la gulio.

Kinachomfanya mtu aogope ukwaju siku ya kazi ni ile robo saa ya kuloweka na kuchuja. Jumapili nachuja donge la ukubwa wa ngumi, nachemsha na sukari guru mpaka uwe mzito, natia kwenye chupa ya kioo iliyooshwa kwa maji ya moto, unakaa kwenye friji wiki nzima bila wasiwasi. Supu ya maganda naigandisha kwenye vile visanduku vya barafu. Vipande vinne vinatosha bakuli za watu wanne. Nikiwa na hivyo viwili, ukwaju unapikika kwa dakika zilezile za soya, na hoja ya haraka inakufa.

Kamba hawapashwi. Hilo linazihusu bakuli zote mbili. Kilichobaki kiliwe kikiwa baridi kutoka friji kesho yake mchana, au usibakize.

Leo ni Jumatano. Kwenye friza nina kamba wa kijivu nusu kilo, vipande vya supu viliisha Jumatatu, na uduvi hakuna. Itakuwa soya.